Kuhamia Dodoma: Kutoka Barua ya Uhamisho Hadi Kuzoea Mtaa

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kupangiwa kazi mkoa wowote, na akishakabidhiwa barua ya uhamisho nafasi ya kubishana huwa ndogo. Kwa miaka mingi barua hizo zilitawanya watu kila upande: mwalimu wa Moshi akapelekwa Lindi, bwana shamba wa Bukoba akaenda Rukwa, hakimu wa Tanga akajikuta Kigoma. Tangu mwaka 2016 nyingi kati yake zimeelekea mji mmoja. Watumishi wa wizara na taasisi za Serikali waliokuwa wamejijenga Dar es Salaam walitakiwa kufungasha na kwenda Dodoma, mji ulio karibu kilomita 450 kwa barabara kutoka pwani, ambao wengi walikuwa wakiujua kwa kupita tu au kwa kuhudhuria vikao vya Bunge.

Uamuzi wenyewe haukuwa mpya. Mwaka 1973 chama cha TANU, baada ya kupokea maoni ya matawi yake, kiliamua makao makuu ya nchi yatoke pwani yaende katikati, na kazi hiyo ikamilike katika miaka 10. Mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA, na mwaka 1976 mji ukapata mpango wake mkuu wa kwanza, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada. Kisha mambo yakakwama. Vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilivyoanza mwaka 1978 vilikomba hazina, uchumi wa miaka ya 1980 ukaanguka, na wizara nyingi zikabaki zilipokuwa. Bunge lilihamishia vikao vyake Dodoma mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007. Serikali yenyewe, kwa sehemu kubwa, haikuhama.

Ukosefu wa fedha ndiyo sababu iliyotajwa siku zote, na ni ya kweli, lakini haitoshi. Mtumishi mwandamizi wa miaka ile alikuwa na nyumba Dar es Salaam, watoto wake walisoma shule za Dar es Salaam, na mwenza wake alikuwa na kazi au duka hukohuko. Dodoma alikwenda kikazi akiwa na begi la siku 3. Kikao kikiisha aliingia kwenye gari na kurudi kwake. Nyumba za kupanga zilikuwa chache, maji ya shida, shule za kutamanika zinahesabika. Mji wa namna hiyo mtu huutembelea, hahamii. Agizo la mwaka 1973 lilihamisha mipango na ramani, lakini halikumpa mtumishi sababu ya kuhamisha kitanda chake.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kabla muhula wake haujaisha, na safari hii mambo yalikwenda kwa kasi ambayo wengi hawakuitegemea. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alihamia Septemba mwaka huohuo. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alifuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katikati ya hayo CDA ilivunjwa, Mei 2017, na majukumu yake yakapewa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu, ili asitokee kiongozi wa kuirudisha pwani kwa tamko tu. Mtumba, kilomita kama 17 mashariki mwa katikati ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam, ukajengwa Mji wa Serikali, na ofisi za kwanza za wizara zikafunguliwa Aprili 2019.

Sensa inaonesha kilichofuata. Mwaka 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Si wote waliokwenda na barua ya Serikali. Nyuma ya kila wizara walifuata mafundi ujenzi, mama lishe, madereva wa bajaji, mawakala wa fedha za simu, walimu wa shule binafsi, vinyozi na wauza mitumba. Mtumishi mmoja anayehamia mji huleta riziki kwa watu kadhaa wasio na ofisi, na hao nao huhitaji chumba.

Kwa mtumishi, uhamisho huanza na karatasi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaeleza anachostahili anayehamishwa na mwajiri: nauli yake, ya mwenza na ya wanaomtegemea kwa idadi iliyowekwa, gharama za kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu kwa siku za mwanzo, na posho ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wake wa mwaka. Anayeomba kuhama mwenyewe, iwe ni kumfuata mwenza, kumuuguza mzazi au kubadilishana kituo na mwenzake, hujigharamia. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye maandishi na kubwa mfukoni, kwa hiyo maneno ya barua yasomwe vizuri kabla ya kutia saini. Kuna watu waliohamishwa kwa masilahi ya ofisi lakini barua ikasema wameomba wenyewe, wakaja kugundua wakati wa kudai.

Fedha hizo hazifiki kila mara kabla ya safari. Madai ya uhamisho ni miongoni mwa madeni ambayo vyama vya wafanyakazi huyataja karibu kila Mei Mosi. Busara ni kutunza nakala ya kila kitu: barua, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, risiti ya lori, tiketi za basi au treni. Kwenye sekta binafsi hakuna Kanuni za Kudumu. Kinachotawala ni mkataba. Hata hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina kifungu, cha 43, kinachomlinda aliyeajiriwa mahali pamoja akaachishwa kazi akiwa mahali pengine: mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na vitu vyake hadi alikoajiriwa, au amlipe nauli. Mfanyakazi aliyetolewa Mwanza kwenda kusimamia ujenzi Dodoma ahakikishe mkataba wake unasema aliajiriwa Mwanza.

Wenye uzoefu wa kuhama hutangulia wenyewe. Huripoti kazini, hulala nyumba ya wageni au kwa ndugu, na ndani ya wiki 2 au 3 hutafuta nyumba huku familia ikisubiri. Anayepakia kila kitu kwenye lori siku ya kwanza hujikuta anachukua nyumba yoyote iliyo wazi kwa sababu dereva anataka kushusha.

Kutafuta nyumba Dodoma, kama miji mingine ya Tanzania, hupitia kwa dalali. Dalali huomba hela ya kuoneshwa, na nyumba ikipatikana huchukua kiasi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye hutaka kodi ya miezi 3, 6 au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Posho ya usumbufu huishia hapo. Dalali akimleta mteja saa 8 mchana, kila nyumba ni nzuri: jua limewaka, majirani wako kazini, mtaa umetulia. Swali la maana halimhusu dalali bali mpangaji wa chumba cha pili au mama anayeuza mboga kwenye kona: maji hutoka siku gani, mita ya luku ni ya kwako au mnachangia, mvua ikinyesha barabara inapitika?

Eneo nalo lina hesabu yake. Anayefanya kazi Mtumba akipanga Nkuhungu, upande wa magharibi, atavuka mji mzima asubuhi na jioni. Nzuguni, Ihumwa, Kisasa na Ilazo ziko upande unaomfaa, na ndiyo maana kodi zake zilipanda mapema. Anayefanya kazi hospitali ya mkoa au ofisi za katikati ya mji anaweza kutazama Area A, Area C, Kikuyu au Chang'ombe kulingana na uwezo. Serikali na mashirika yake yamejenga nyumba za watumishi pia: Wakala wa Majengo huko Nzuguni, Shirika la Nyumba la Taifa huko Iyumbu, na Watumishi Housing huko Njedengwa. Nyumba hizo hazikidhi mahitaji, na kuzipata kunahitaji kuulizia ofisini mapema badala ya kusubiri tangazo.

Jambo linalomshangaza zaidi mtu wa pwani ni maji. Dodoma ni nchi kame. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Hakuna mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima karibu na mji. Kwa miongo mingi mji umeishi kwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini, na visima vingine vimechimbwa Nzuguni kadiri watu walivyoongezeka. Mpango wa bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, umezungumzwa kwa muda mrefu kama suluhisho la kudumu. Kwa hiyo mitaa mingi hupata maji kwa mgao, na kila familia huishi kwa ratiba ya bomba.

Ndiyo maana karibu kila nyumba nzuri ya kupanga ina simtanki juu ya mnara wa zege au wa vyuma. Nyumba isiyo nalo huwa na mapipa na madumu yaliyopangwa ukutani, na zamu ya kuyajaza inajulikana. Siku ya maji hufuliwa kila kitu, hata mapazia. Maji yenyewe katika maeneo mengi yana chumvi: sabuni haitoi povu haraka, chai ina ladha yake, na birika baada ya wiki chache hujenga ukoko mweupe ndani ambao haukwanguliki kwa urahisi. Wenyeji huuondoa kwa kuchemsha maji yenye ndimu au siki. Mgeni hununua maji ya chupa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anaona gharama, wa tatu anakunywa ya bomba yaliyochemshwa kama wengine.

Hali ya hewa ina mazuri yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo joto lake halina jasho la Kariakoo, na malaria ni kidogo kuliko pwani. Miezi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi kiasi cha kumfanya mtu aliyekuja na mashuka tu kutafuta blanketi sokoni siku ya pili. Upepo huvuma miezi mingi ya kiangazi, na vumbi huingia hata dirisha likifungwa. Ngozi na midomo hukauka. Mafuta ya mgando huwa hitaji la lazima. Samani za mbao ambazo hazikukaushwa vizuri, hasa zilizotengenezwa kwenye unyevunyevu wa pwani, hupasuka au kulegea viungo. Kabati la gharama lisafirishwe kama lina thamani ya kweli. La kawaida ni nafuu kuliuza Dar es Salaam na kuagiza jingine kwa fundi wa Dodoma.

Kwa chakula mhamiaji hapati taabu kubwa, ila sahani hubadilika. Samaki wa baharini huwa wa kugandishwa na bei yake si ya soko la Feri la Dar es Salaam. Badala yake kuna samaki wa bwawa la Mtera na Hombolo. Nyama ni nyingi na nzuri, kwa kuwa mkoa ni wa wafugaji, na mnada wa Msalato siku ya Jumamosi umekuwa mahali pa watumishi kukutania kwenye nyama choma zaidi ya ukumbi wowote wa mikutano. Mlenda, mboga ya Wagogo, huliwa kwa ugali wa uwele au mtama, na anayeukataa kwa sababu ya utelezi wake huchekwa kidogo kisha husamehewa. Zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, na kwa mtu aliyezoea kuziona kwenye vibanda vya Dar es Salaam kwa bei ya kutisha, kuzikuta zikiuzwa kando ya barabara ni furaha ndogo ya mwaka wa kwanza.

Baada ya nyumba kinachofuata ni mtaa. Mgeni anapaswa kujitambulisha kwa balozi wa nyumba kumi au mjumbe wa mtaa na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako huandikwa kwenye daftari la wakazi. Wengi hulipuuza hili mpaka wanapohitaji barua ya utambulisho: kufungua akaunti ya benki, kufuatilia kitambulisho cha NIDA, kumdhamini ndugu polisi, kuvutiwa umeme. Mwenyekiti wa mtaa asiyekufahamu hawezi kuandika kwamba anakufahamu, na ana haki ya kukataa. Kwenda na mwenye nyumba au jirani wiki ya kwanza humaliza suala hilo kwa dakika chache.

Kujulikana mtaani hakuishii kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna msiba, na hapo ndipo mgeni hupimwa. Mtaa wa watumishi wenye kuta ndefu na mageti ya chuma unaweza kukaa mwaka mzima bila majirani kujuana majina, lakini turubai likifungwa kwa jirani mtu hutazamwa kama ametokea, kama amechanga, kama mama wa nyumba yake alionekana jikoni. Wakristo hupata njia ya mkato kupitia jumuiya na kwaya, Waislamu kupitia msikiti na madrasa ya watoto. Asiye wa huku wala kule huwa na kikundi cha kusaidiana cha mtaa au cha watu wa kwao. Anayesema ataanza kuchangia akishazoea huwa hazoei.

Wenyeji wa Dodoma ni Wagogo hasa, na upande wa kaskazini mwa mkoa kuna Warangi na Wasandawe. Kiswahili kinazungumzwa na wote, kwa hiyo mgeni hana shida ya kuelewana. Hata hivyo, salamu ya Kigogo humfungulia mlango haraka kuliko kadi ya kazi. “Mbukwenyi” kwa watu wengi au kwa mkubwa, “mbukwa” kwa mmoja. Wanasiasa wameizoea mpaka imekuwa ufunguzi wa hotuba. Mzee wa Kigogo akisalimiwa hivyo na kijana wa ofisini ambaye bado anaongeza “shikamoo”, humjibu kwa kicheko na kumuuliza kwao ni wapi. Mazungumzo huanzia hapo.

Wagogo wenyewe wanaijua safari ya kikazi. Hukwe Zawose, bingwa wa ala za ilimba na zeze, aliondoka Dodoma kwenda kufanya kazi ya muziki pwani, akakaa Bagamoyo ambako alifundisha chuo cha sanaa, na akafia hukohuko mwaka 2003. Muziki wa Kigogo ulijulikana duniani kutokea kwenye mji wa Waswahili. Aliondoka na ala zake na lugha yake, na Bagamoyo ilimpokea navyo.

Jambo gumu kuliko yote katika kuhama ni familia. Katika miaka ya mwanzo baada ya 2016 watumishi wengi walihamia nusu: baba au mama Dodoma, wengine wote Dar es Salaam. Ijumaa jioni mabasi yalijaa, Jumatatu asubuhi yakarudi, na mtu alitumia saa 8 au zaidi barabarani kila upande. Nyumba zikawa 2, luku 2, simu hazikatiki. Treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ilipunguza safari hiyo hadi saa 4 hivi, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000 ilipoanza. Ni faida kubwa kwa nchi. Kwa suala la kuhamia, hata hivyo, treni hiyo inavuta kote kuwili: inamwezesha mtumishi kuleta familia na kumtembelea mama mzee pwani, na inamwezesha vilevile kuahirisha kuhama kwa miaka mingine 5. Wapo ambao wamestaafu Dodoma bila watoto wao kuwahi kulala huko zaidi ya wakati wa likizo.

Kinachozuia familia kwa kawaida ni kazi ya mwenza au shule. Mwenza aliye mtumishi anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenzake, na maombi hayo hufikiriwa ikiwa kuna nafasi anakokwenda. Mwenza mfanyabiashara ana hali ngumu zaidi, maana wateja hawahamishwi kwa barua. Mama aliyekuwa na saluni Sinza au duka la vitenge Kariakoo huanza upya kabisa, na miezi 6 ya kwanza kipato chake hukaribia sifuri. Familia nyingi hazikupiga hesabu hiyo kabla. Wanaofanikiwa ni wale waliomruhusu mwenza aje kwanza kutazama soko, akague fremu, aulize kodi, aone nini hakipo, kabla ya kufunga alichonacho.

Upande wa shule utaratibu ni mrefu kuliko wazazi wanavyodhani. Kila mwanafunzi ana namba yake ya PREM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hufanyika kwenye mfumo huo: shule anakotoka inamwachia, shule anakokwenda inampokea. Mtoto anayeletwa mkononi bila hilo kukamilika anaweza kusoma miezi kadhaa darasani huku jina lake likiwa bado Dar es Salaam. Walio kwenye madarasa ya mitihani, hasa la saba na kidato cha nne, wakishasajiliwa ni vigumu kuwahamisha, na wazazi wengi huamua mtoto amalize alipo kwa shangazi au bwenini. Wakati mzuri wa kuhamisha watoto ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ili Januari waanze na wenzao. Mtoto anayeingia darasani Mei hukuta urafiki umeshagawanywa.

Kilichofanya wimbi la 2016 lishike, tofauti na lile la 1973, ni ardhi. CDA ilikuwa ikimilikisha viwanja kwa miaka 33 tu. Baada ya kuvunjwa, hati zikawa za miaka 99 kama sehemu nyingine za nchi. Halmashauri ikapima viwanja kwa wingi pembezoni mwa mji: Iyumbu, Nala, Mahomanyika na kwingineko. Mtumishi wa daraja la kati ambaye akiwa Dar es Salaam angepata kiwanja Chanika au Kisarawe aliona anaweza kupata kilichopimwa, chenye barabara kwenye ramani, dakika 20 kutoka kazini. Akakopa benki au kwenye SACCOS, akamwaga msingi. Mwenye msingi Dodoma hakai tena mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wikendi yake ni ya fundi, tofali na saruji, na familia hufuata kabla ya madirisha kuwekwa. Magufuli alitoa amri, lakini ni kiwanja kilichomfanya mtumishi abaki.

Kujenga Dodoma kuna mambo yake. Sehemu nyingine udongo ni mweusi wa mbuga, unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyowekewa msingi wa kawaida hapo huota nyufa mwaka wa pili. Mji pia uko kwenye tawi la Bonde la Ufa na mitetemo midogo huhisiwa mara mojamoja. Fundi mwenyeji anajua eneo lipi lichimbwe mpaka wapi. Fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu ni wa siku nyingi huenda asijue.

Hatari kubwa kuliko udongo ni makaratasi. Kasi ya kugawa viwanja ilizaa malalamiko mengi ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe 2, na ya mashamba kupimwa kabla ya wenye mashamba kulipwa. Mnunuzi anaweza kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na kuonana na mpima kabla ya kutoa fedha, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kesi ya baraza la ardhi.

Sehemu ya wenyeji katika habari hii haisemwi sana. Maeneo ambayo leo ni Iyumbu, Nzuguni au Mtumba yalikuwa mashamba ya mtama, karanga na mizabibu, na malisho ya ng'ombe. Wapo waliouza ekari zao kwa bei iliyoonekana kubwa, wakajenga nyumba ya bati au kununua pikipiki, na baada ya miaka michache wakaona kipande kilekile kikiuzwa kwa bei ya mara nyingi zaidi. Baadhi yao wamesogea nje ya mji kutafuta pa kulima, nao ni wahamiaji sasa, bila nauli ya mtu wala posho ya usumbufu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa kwenye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Pale isipolipwa, mwenye shamba hubaki akidai, na anayemkuta akidai ni yule aliyekuja na lori la tofali. Kwa hiyo anayenunua kiwanja Dodoma asiishie kuuliza bei, ukubwa na hati. Aende mtaani kwa balozi, aulize shamba hilo lilikuwa la nani na kama alilipwa, na ikiwezekana aonane na mwenyewe, kwa sababu huyo ndiye atakayekuwa jirani yake.